Uso wa Mjomba Kwenye Slaidi ya Tisa

Baba Nasra hataki kitu kilichopunguzwa. Maziwa yaje na utando wake, samaki aje na kichwa chake, na video, tangu alipogundua kwamba WhatsApp huzibana kabla ya kuzisafirisha, zitumwe kwa njia ya hati: mtu asibonyeze alama ya picha, abonyeze ile ya kuambatisha faili, ili kitu kifike kilivyotoka. Somo hilo amelitoa kwa ndugu zake wote, wa Tanga, wa Pangani na wa Dar es Salaam, na mwisho akalivusha bahari mpaka Muscat kwa mjomba wake, ndugu pekee wa kiume wa mama mkwe wangu aliyebaki hai. Mjomba ana iPhone. Alilisikiliza somo, akalielewa, akalitii. Laiti angekuwa mbishi kidogo.

Ukoo wa mama mkwe hukutana kila Idi ya Fitri nyumbani kwake Ngamiani, Idi pili baada ya Isha. Kwa kawaida ni dua, biriani na manung'uniko, kila kimoja kwa zamu yake. Safari hii kulikuwa na jambo la nne, nalo ni shamba la minazi la Pangani alilowaachia marehemu babu. Shemeji yangu, mdogo wake Baba Nasra, ndiye anayekaa huko na ndiye anayesimamia uangushaji wa nazi. Nazi zinaanguka, hilo halina ubishi. Fedha zake ndizo ambazo hakuna ajuaye zinakoangukia. Mwenye neno la mwisho ni Mjomba, na kwa kuwa mwaka huu hakuweza kuja, ilikubaliwa azungumze kwa video. Baba Nasra akajitolea kupanga kila kitu kwenye slaidi: picha za wazee, matawi ya ukoo, kisha slaidi ya tisa, Mjomba mwenyewe.

Mimi ni katibu muhtasi. Slaidi nazitengeneza kwa mshahara, za wakubwa wasiojua hata zinafunguliwa wapi. Nikasema nipe nikutengenezee. Akajibu kwamba hii ni kazi ya ukoo wake. Nikanyamaza, maana mke ana mipaka yake kwenye ukoo wa watu, na nyumba nyingi zimesimama kwa wake waliojua mipaka hiyo iko wapi.

Akazitengenezea ofisini kwake, kwenye kompyuta mpya waliyoletewa mwaka huu. Siku ya mwisho kabla ya sikukuu akarudi nyumbani na flashi kwenye mfuko wa shati, uso umemkunjuka. Mjomba anaonekana unywele kwa unywele wa ndevu, alisema. Usiku wa Idi mosi, wageni walipoondoka, nikamwambia tuijaribu basi kwenye kompyuta yetu, kwa kuwa ndiyo itakayokwenda Ngamiani.

"Nimeshajaribu ofisini."

Sentensi hiyo nimeisikia sana kazini, ikitamkwa mlangoni mwa ukumbi na watu wenye tai. Sijaona hata siku moja ikimsaidia aliyeitamka.

Kompyuta yetu ni ya mtumba, na betri yake ilikufa zamani, kwa hiyo inaishi kwa waya wa ukutani tu. Tukachomeka flashi. Slaidi ya kwanza, ya pili, babu kavaa kanzu na koti, bibi kajitanda, yote safi. Slaidi ya tisa ikaja na mstatili mweusi, na maandishi kwamba midia haikuonekana.

Baba Nasra akabofya. Akabofya tena kwa nguvu zaidi, kwa imani ya wanaume wengi kwamba kompyuta husikia uzito wa kidole. Mimi nikatazama ukubwa wa faili. Lilikuwa na MB 6. Video ya Mjomba ilikuwa ya dakika tatu, na simu zile zikirekodi kwa kiwango cha 1080p hula takriban MB 60 kwa dakika. Mtu mzima wa MB 180 hawezi kulala ndani ya chumba cha MB 6. Mjomba hakuwemo humo hata kidogo.

Nikamuuliza aliiingizaje video. Akasema, kwa fahari, kwamba hakubofya kitufe chenyewe cha kuingiza; alibofya kale kamshale kando yake, akachagua "Link to File", kwa sababu rafiki yake alimweleza kwamba njia hiyo haifanyi faili kuwa zito. Rafiki huyo alisema kweli. Haliwi zito kwa sababu video haiingii. Kinachoandikwa ndani ya slaidi ni anwani tu: iko diski fulani, folda fulani, jina fulani. Ukiwa kwenye kompyuta ileile, PowerPoint huifuata anwani, huikuta video na kuicheza, nawe huna habari kwamba imeazimwa. Ukilibeba faili la slaidi peke yake kwenda kwingine, anwani inabisha hodi kwenye nyumba isiyokuwepo. Baba Nasra alikuwa amebeba anwani ya Mjomba mfukoni siku nzima.

Nilitaka aamini, kwa hiyo nikamwonyesha jambo ambalo hupenda kulionyesha kwa wasioamini. Faili la .pptx ni kifurushi cha zipu tu. Nikafanya nakala, nikazifuta zile herufi za mwisho nikaandika .zip, nikaifungua. Ndani kuna folda iitwayo ppt, na ndani yake nyingine iitwayo media, ambamo hukaa kila picha na kila video iliyomo kwenye slaidi kwelikweli. Tukawakuta babu, bibi, msikiti wa zamani, wifi zangu wawili wakiwa watoto. Mjomba hayumo. Baba Nasra akakaa kimya, akaomba chai.

Nisimwonee. Miaka mingi hiyo ya kubeba anwani tu ndiyo iliyokuwa njia ya kawaida. PowerPoint ilitoka mwaka 1987, kazi ya kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Forethought, nayo Microsoft ikainunua mwaka huohuo kwa dola milioni 14. Toleo lile la kwanza lilikuwa la Macintosh, halina rangi, na kazi yake ilikuwa kutoa kurasa za kuchapwa kwenye karatasi za plastiki zinazowekwa juu ya projekta ya taa. Habari za video hazikuwemo. Zilipokuja, zikaja kwa kuunganishwa tu na faili la nje, na mpaka toleo la 2010 ndipo video ikaanza kuwekwa ndani ya slaidi yenyewe bila mtu kuomba. Walimu na wakufunzi waliozoea matoleo ya nyuma wanajua adabu ya zamani: slaidi na video hukaa folda moja na husafiri pamoja. Baba Nasra alirithi ile njia ya zamani bila adabu yake.

Tiba ilikuwa nyepesi, au tulidhani hivyo. Hati aliyotuma Mjomba bado ilikuwa kwenye simu ya Baba Nasra. Tukaichukua kwa waya, tukafuta mstatili mweusi, tukaiingiza upya kwa kitufe chenyewe, tukahifadhi. Faili likanenepa mpaka karibu MB 190. Hiyo ndiyo ishara ninayoiamini kuliko maneno ya mtu yeyote. Tukabonyeza F5, tukaenda slaidi ya tisa.

"Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh," akasema Mjomba, kwa sauti yake ileile nzito, kutoka kwenye giza.

Picha hakuna. Sauti inaendelea, inamsalimia dada yake, inawataja marehemu mmoja mmoja, na skrini nyeusi tii. Baba Nasra akaizima haraka kabla haijafika kwenye shamba, kwa sababu, alisema, siri ya kikao hufunguliwa kikaoni.

Sasa nyumba nzima ikaamka. Nasra akasema video imeharibika. Baba yake akaifungua kwa VLC, ile programu yenye koni ya barabarani, na Mjomba akaonekana. "Nzima hii! Mbovu ni PowerPoint." Kila mmoja alikuwa na robo ya ukweli. VLC, iliyoanzia kwa wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris mwaka 1996, hutembea na vyombo vyake vyote vya kufungulia picha na sauti, haimuombi mtu. PowerPoint haina vyake. Huazima vya Windows, na kile ambacho Windows haijui kukifungua, PowerPoint nayo haikijui. Kwa hiyo video kucheza kwa VLC hakumaanishi kitu chochote kwa mtu mwenye slaidi, ingawa kila mwaka nawaona watu wakiapa kwa ushahidi huo. Na kwenye kompyuta yetu hata VLC ilikuwa inahema: picha inaganda, kisha inaruka, midomo ya Mjomba imeshafika mbali sauti ikiwa nyuma.

Kaka yake Nasra, aliye kidato cha pili, akaja na dawa aliyoisikia shuleni. Faili liliishia na .MOV, basi yeye akalipa jina jipya liishie na .mp4. Akaliingiza. Giza lilelile, salaam ileile. Nikamwambia mwanangu, kuandika "unga" juu ya gunia la mahindi hakusagi mahindi. MOV na MP4 ni magunia tu, na magunia hayo mawili yanafanana sana. Kinachomsumbua Mjomba kimo ndani: kanuni iliyotumika kuibana picha, ambayo mafundi huiita kodeki.

Kodeki ambayo karibu kila kompyuta, simu na televisheni inaijua ni H.264, iliyoidhinishwa mwaka 2003. Mwaka 2013 ikaja ndugu yake, H.265, ambayo pia huitwa HEVC. Hii hubana zaidi: picha ya ubora uleule kwa nafasi ndogo sana. Apple walipotoa iOS 11 mwaka 2017 wakaifanya iwe ndiyo ya kawaida kwa kurekodi, kuanzia iPhone 7, wala mwenye simu haulizwi. Lakini HEVC ina hataza za wenyewe wengi, na kila mwenye hataza anataka chake, ndiyo maana Windows 10 ikaacha kuja nayo bure. Watengenezaji wengine wa kompyuta huiweka kabla ya kuuza, na bila shaka ndivyo ilivyokuwa kwa ile ya ofisini. Watumiaji wengine huinunua kwenye duka la Microsoft, kwa chini kidogo ya dola moja. Sauti ya Mjomba ilisikika kwa sababu sauti ilibanwa kwa AAC, ambayo Windows inaijua toka zamani. Uso ndio uliokuja kwa kodeki ya kulipia.

Baba Nasra alipofika dukani, duka likataka kadi ya benki. Kadi anayo, lakini hajawahi kuisajili kwa ununuzi wa mtandaoni. Tena jambo lenyewe lilimuudhi. "Yaani nilipie kumwona mjomba wangu?" Nikamwambia kwamba kwenye kompyuta ya ofisini ingetosha kuiweka video ndani, kisha kubofya kitufe cha kubana midia kwenye ukurasa wa taarifa za faili, na PowerPoint ingeigeuza yenyewe kuwa kitu kinachofunguka popote. Ofisi ilikuwa imefungwa mpaka baada ya sikukuu.

Ikabaki kuigeuza sisi wenyewe. Kuna programu ya bure iitwayo HandBrake, inayochukua video ya HEVC na kuitoa H.264 ndani ya MP4, na naiamini. Nikaanza kuipakua. Ikapakuliwa, ikafunguliwa, ikasema inahitaji programu nyingine ya Microsoft ili ifanye kazi, nayo hiyo ilikuwa nzito kuliko yenyewe. Bando likaisha katikati. Tukanunua jingine, na mtandao wa usiku wa Idi, kila mtu akiwapigia ndugu zake kwa video, ukatembea kwa magoti. Hatimaye kazi ikaanza, saa nane za usiku. Kompyuta ya mtumba ikapandisha feni, mstari wa kijani ukawa unajivuta, asilimia kumi, ishirini. Ulipopita nusu, umeme ukakatika.

Betri, nimeshasema, ilikufa zamani.

Umeme uliporudi asubuhi nikakuta faili lipo, lina MB zake, na halifunguki kwa programu yoyote. Hiyo ndiyo tabia ya MP4: faharasa inayosema kila kipande cha picha kiko wapi huandikwa mwisho wa kazi. Kazi ikikatwa kabla ya mwisho, vipande vyote vipo na hakuna anayejua kipi kianze.

Nikaomba nusu saa ya kompyuta niirudie. Nusu saa haikupatikana. Wifi zangu walifika mapema ili tuongozane, wakataka kuona picha zao, wakaona wamewekwa za ujanani ambazo hawakuzipenda. Mmoja alitaka ibadilishwe, mwingine alitaka yake ikae kabla ya ya yule. Kule Ngamiani umeme ulikuwepo mchana kutwa, na mchana kutwa kompyuta ilikuwa mikononi mwao. Nilisema mara moja kwamba ile video haichezi. Wifi mkubwa akaniambia, "Mama Nasra, wewe nawe una wasiwasi." Nikaenda jikoni kukaanga vitunguu vya biriani.

Baada ya Isha uani palijaa. Kijana wa kukodi akafunga projekta yake juu ya meza, shuka jeupe likavutwa kwenye kamba kati ya ukuta na mwembe, na spika kubwa ya harusi ikachomekwa kwenye tundu la sauti la kompyuta. Projekta ikaunganishwa kwa waya wa HDMI. Imamu wa mtaa akasoma dua. Picha za wazee zikapita, watu wakalia kidogo, wakacheka palipokuwa na picha za wifi. Shemeji wa Pangani alikaa mbele kabisa, kofia mpya, mikono juu ya magoti.

Slaidi ya tisa. Giza, kama nilivyotegemea. Lakini safari hii hata salaam haikusikika. Spika ya harusi ilikaa bubu, mpaka watoto waliojibanza chini ya meza wakapiga kelele: "Mjomba yumo humu ndani!" Alikuwemo kweli. Ukichomeka HDMI, Windows mara nyingi huamua yenyewe kwamba sauti nayo ipitie huko, na projekta ile ilikuwa na kipaza sauti chake cha ukubwa wa kifuniko cha chupa, ambamo Mjomba alikuwa akiwarehemu wazee kwa sauti ya mbu. Watu wengi hapo huanza kuparamia nyaya za spika, na kijana wetu naye alikwishaanza. Spika haina kosa. Nikapita katikati ya watu, nikabofya alama ya spika chini pembeni mwa skrini, nikachagua sauti itokee kompyuta badala ya projekta. Salaam ya Mjomba ikatikisa mwembe.

"Basi inatosha," akasema mzee mmoja, "tumsikilize hivyohivyo."

Shemeji akanyanyuka. Hajapata kuonekana akijali teknolojia, lakini usiku huo alikuwa na hoja. "Wazee wangu, sauti bila uso si ushahidi. Siku hizi kompyuta inamwiga mtu mpaka kikohozi chake. Mimi napendekeza, kwa kuwa mitambo imekataa, tuendelee na chakula, na hili la shamba lingoje mpaka Mjomba aje mwenyewe." Watu wakatikisa vichwa. Hoja yenyewe haikuwa ya kijinga, hilo nalikubali. Kilichonikera ni wepesi alioinuka nao.

Baba Nasra akakimbilia VLC. Juu ya shuka akatokea Mjomba wa vipande: jicho likabaki lilipokuwa wakati kidevu kimesogea, mraba wa kijivu ukafunika shavu, na mdomo ukafumba huku sauti ikiendelea kusema. Akinamama wakaguna. "Mnaona?" akasema Shemeji. "Hilo ndilo nililokuwa nalisema."

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na wajukuu, miwani puani, simu mkononi. Akainua kichwa. "Kwani mnamtafuta nani? Kaka yangu si huyu hapa."

Alikuwa anamtazama. Mjomba, akishamaliza kutii somo la Baba Nasra, alikuwa amemtumia dada yake video ileile kwa njia anayomtumia kila kitu tangu anunue simu: alama ya picha, tuma, basi. Bi Mkubwa alikuwa ameitazama tangu juzi, kila baada ya Swala. Alikuwa anajua habari za shamba kuliko watu wote pale, akasubiri.

Nikamwomba simu. Nikaichomeka kwa waya, ikasema inachaji tu. Nikashusha menyu ya juu nikaiambia ihamishe mafaili. Kwenye simu za Android za sasa video za WhatsApp zimejificha mbali: folda ya Android, kisha media, kisha com.whatsapp, kisha WhatsApp yenyewe, ndani yake tena Media, ndipo uione folda ya video. Majina yake yote huanza na VID, tarehe, na herufi WA, kwa hiyo ukijua siku unajua faili. Nikaitafuta ya siku ile. Ilikuwa na MB 14. Nyuma yangu nilisikia Baba Nasra akivuta pumzi.

Nikaiingiza slaidi ya tisa, F5.

Mjomba akajaa shukani kwa wima, weusi kushoto na kulia, kingo zake zimelainika, ndevu zake sasa ni wingu moja jeupe ambamo huwezi kuhesabu unywele. Mdomo na sauti vikaenda pamoja mwanzo mpaka mwisho. WhatsApp, katika kule kubana ambako mume wangu hukuona ni kuharibu, huigeuza video kuwa H.264 na sauti ya AAC ndani ya MP4, na hicho ndicho hasa PowerPoint hukitaka. Ile kazi tuliyokesha kuitafuta, sisi hatukuilipia. Ilikwisha kufanyika kule Muscat, ndani ya simu ya Mjomba, katika muda ambao alama ndogo ya kutuma ilikuwa ikizunguka.

Akazungumza habari za undugu kwa dakika mbili. Dakika ya tatu akasema anataka hesabu ya nazi za Pangani, kila angusho, idadi na bei, iandikwe na isomwe mbele ya watu na yule anayeangusha, na mpaka isomwe, pasiwe na angusho jingine bila ya mtu wa pili kusimama. Hakumtaja mtu jina. Macho yote yakaenda kwenye kofia mpya.

Shemeji akakohoa. Akasema kwa heshima zote, picha haikuwa safi sana, pengine ingefaa irudiwe siku nyingine ikiwa na ubora zaidi.

"Mimi nimeona vizuri," akasema mama yake. "Leteni biriani."

Njiani kurudi Baba Nasra aliendesha kimya mpaka tulipokaribia nyumbani. Kisha akasema, "Lakini hata hivyo, ubora ulipungua." Nami sikumbishia, maana ulipungua kweli. Shuka lilikuwa na makunyanzi pia.

Kesho yake nikampigia Mjomba, baada ya kuomba ruhusa. Nikamwongoza kwenye simu yake, hatua kwa hatua, naye akanifuata kwa subira ya watu waliozoea kazi: Settings, kisha Camera, kisha Formats, kisha Most Compatible. Kuanzia hapo simu inarekodi H.264, faili linakuwa kubwa maradufu, na linafunguka. Hesabu za nazi zitasomwa Idi ya Mfunguo Tatu, na Mjomba ameahidi kurekodi tena.

Wewe msomaji mwenye ndugu Muscat, Dubai au London mwenye simu ya aina hiyo, mpigie leo umwelekeze njia hiyohiyo, kabla hajarekodi. Na faili likishafika, liweke ndani ya slaidi, utazame MB zake, kisha ulicheze kwenye kompyuta itakayokwenda ukumbini, waya wa HDMI ukiwa umechomekwa. Ukifanya hivyo usiku wa kuamkia shughuli, hakikisha betri ni nzima.